Shomoro walianguka kwanza, farasi wakafuata

Mwishoni mwa Mei 1971, lori la tangi liliingia katika kituo cha kufuga na kufundisha farasi karibu na mji mdogo wa Moscow Mills, jimbo la Missouri nchini Marekani. Kazi iliyolileta haikuwa ngeni: kunyunyiza mafuta machafu juu ya sakafu ya udongo ya ukumbi wa mazoezi, ili vumbi litulie farasi wanapokimbizwa. Ilikuwa njia rahisi na ya bei nafuu, na aliyemwita mwenye lori hakuwa na sababu ya kuuliza ndani ya tangi mlikuwa na nini.

Siku chache baadaye shomoro waliojenga viota katika boriti za paa wakaanza kuanguka. Waliokotwa kwa mamia. Wakafuata paka na mbwa, wakipukutika manyoya na kufa. Kisha zamu ikawa ya farasi: walikonda, wakatokwa na vidonda mwilini, manyoya yakanyofoka, na majike wenye mimba wakaharibu mimba. Zaidi ya farasi 40 waliotumia ukumbi ule walikufa. Nyumba nyingine mbili za farasi katika jimbo hilohilo, zilizomwagiwa mafuta na lori lilelile mwezi uliofuata, nazo zikaanza kuzika wanyama.

Mwanamke aliyekuwa mmoja wa wenye kituo aliyashuku mafuta tangu mapema. Mwenye lori alipoulizwa alijibu kwamba ni mafuta ya kawaida ya injini, na palepale hapakuwa na mtu wa kuthibitisha vinginevyo. Mwezi Agosti binti yake wa miaka 6 akaanza kutoa damu katika mkojo, akalazwa hospitali akiwa na uvimbe wa figo na kibofu. Mtoto huyo alikuwa na mazoea ya kuchezea udongo wa ukumbi wa farasi, kama watoto wanavyochezea mchanga popote pale.

Hapo ndipo jambo lilipotoka zizini likaingia nyumbani. Wataalamu wa kituo cha serikali kuu cha kudhibiti magonjwa, chenye makao yake Atlanta, waliitwa, wakachukua damu na udongo. Vipimo vya mwanzo vilionyesha kemikali za viwandani ambazo hazikutarajiwa kuwamo katika mafuta ya gari, lakini hakuna iliyotosha kueleza vifo vingi namna ile. Kwa uchungu aliokuwa nao, yule mama hakukaa kungoja barua ya maabara. Yeye na mwenzake wakaanza kulifuata lori kwa gari lao, zaidi ya mwaka mzima, wakiandika kila mahali lilipopakia na kila mahali lilipomwaga. Orodha yao wakaipeleka kwa maofisa wa jimbo na wa serikali kuu. Miaka mingi baadaye, maofisa walipotaka kujua sumu ilikwenda wapi, maandishi ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa na thamani.

Jibu la maabara lilipatikana mwaka 1974. Watafiti walipopaka kiowevu kilichokamuliwa kutoka katika ule udongo juu ya masikio ya sungura, ngozi ilitoka malengelenge, na sungura wengine wakafa kwa ini kuharibika. Kilichofanya hivyo kiliitwa dioksini. Haitengenezwi kwa makusudi. Huzaliwa pembeni wakati wa kuunda kemikali iitwayo trikolorofenoli, ambayo kwayo hupatikana dawa ya kuua vijidudu vya ngozini na pia kiuatilifu cha kuua magugu. Mabaki yalitoka katika kiwanda cha mji wa Verona, kusini-magharibi mwa jimbo, ambacho kabla ya hapo kilikuwa kimetengeneza kiuamagugu kilichomwagwa katika misitu ya Vietnam. Yalipita mkono hadi mkono kati ya wenye kuyaondoa, mpaka yakachanganywa na mafuta machafu ndani ya tangi.

Kwa nini farasi waliangamia hivyo? Farasi huvuta vumbi la sakafu anapokimbia, hulala juu yake, huokota majani yaliyoangukia humo, na hujiramba mwili. Tena dioksini huua polepole, kwa majuma na miezi, ndiyo maana ni vigumu kuihusisha na siku ilipomwagwa. Viuatilifu vingi vya shambani haviko hivyo: vile vinavyoshambulia mishipa ya fahamu huonekana ndani ya saa chache, mnyama akitokwa na mate na jasho, akiharisha na kutetemeka.

Nitoke Missouri kidogo, kwa ajili ya wasomaji wenye punda. Iko dawa ya kupe iitwayo amitrazi, ambayo wafugaji huogeshea ng'ombe. Kwa farasi na punda haifai: hupunguza mwendo wa utumbo, kinyesi kikakwama, na mnyama akapata maumivu makali ya tumbo yanayoweza kumuua. Farasi hawezi kutapika, hivyo kilichoingia tumboni hakirudi. Mwenye kumwita daktari wa mifugo na aende na kopo lenye karatasi yake, wala asiseme tu kwamba ni dawa ya kupe.

Tukirudi Missouri, lori lile lilikuwa limemwaga mafuta pia katika barabara za vumbi za mji wa Times Beach, kando ya mto Meramec, ambako watoto walipita kwa baiskeli. Udongo wa huko ulipimwa mwishoni mwa 1982, ukakutwa na dioksini. Mwezi Desemba mto ukafurika. Februari 1983 serikali kuu ikatangaza kuununua mji wote, na watu wapatao 2,000 wakahama. Udongo wa ukumbi mmojawapo wa farasi nao ulikuwa umechimbwa zamani ili kuondoa hatari, kisha ukapelekwa kujazia viwanja vya nyumba za watu. Wakazi wake hawakuambiwa ulikotoka.