Nyanya Yako Kwao Wapi?

Mwezi uliopita, baada ya sala ya alasiri, alinijia mpwa wangu hapa Mtwapa na daftari jipya na kalamu mbili. Binti huyu anasoma chuo kikuu, na mwalimu wake amewapa kazi: kila mmoja amtafute mzee wa kwao amwulize mambo ya nafsi yake. Anaamini nini, anathamini nini, amepitia nini, anajutia nini. Maswali yalikuwa ishirini, yameandikwa kwa hati nzuri. Nami, msomaji wangu, nikakaa kitako barazani nikaiweka sawa kofia yangu. Kazi yangu kwa miaka yapata thelathini imekuwa ni kuwauliza watu. Kuulizwa mimi ni jambo geni.

"Mjomba, nani aliyekufunza kutunga mashairi?" Nikamjibu, tena kwa maneno mengi kuliko aliyohitaji. "Kosa gani ulilolifanya ujanani?" Hapo nikamchagulia kosa dogo, katika yale makosa ambayo mtu akishayasimulia huonekana mwema zaidi kuliko kabla. Kila mmoja wetu anayo ya namna hiyo, ameyaweka kabatini kama vikombe vya wageni.

Likaja swali la tisa.

"Mjomba, nyanya yako mzaa mama, kwao wapi?"

"Hapa hapa Mtwapa," nikasema, na papo hapo nikaita ndani tuletewe kahawa.

Hakuandika kitu. Alinitazama, akaifunika kalamu. "Na mama alinijibu hivyo hivyo," akasema. "Kwa maneno hayo hayo, kisha akainuka akenda jikoni."

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika adabu ya kuulizana mengi na kuambiana machache. Mtu hukutana na mwenziwe njiani akamwuliza hali, akamwuliza wa nyumbani, watoto, wazee, shughuli. Na mwenziwe hujibu njema, njema, alhamdulillahi, hata kama usiku ule wamekesha na mgonjwa. Mgeni akituona hudhani tunadanganyana. Huko si kudanganyana, ni kusitiriana, na sitara ina daraja kubwa katika dini yetu. Mambo mazito hupitia njia nyengine. Mshairi huyafumba, naye aliyekusudiwa akayafumbua. Mwanamke huyavaa kwenye leso, akapita mbele ya mlango wa jirani mara mbili ili yasomeke vizuri. Lakini kumkabili mtu uso kwa uso ukamwuliza, "Wewe unaamini nini? Umetoka wapi?" hilo kwetu lina harufu ya polisi.

Hata hivyo si kweli kwamba hatukufunzwa kuulizwa. Mimi nilifunzwa kabla sijajua kuandika jina langu. Chuoni, baada ya kuosha mbao zetu, maalimu alikuwa akituketisha safu safu akituuliza maswali atakayoulizwa kila mmoja wetu kaburini na Munkar na Nakir: Mola wako ni nani, dini yako ni ipi, Mtume wako ni nani. Tulijibu kwa sauti moja, na atakayesitasita bakora ilikuwa karibu. Baadaye, tulipokua kidogo, tukasomeshwa hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kuhusu mambo manne ambayo mja hatainua mguu wake siku ya Kiyama mpaka aulizwe: umri wake ameumalizia wapi, elimu yake ameifanyia nini, mali yake ameichuma wapi na kuitumia katika nini, na mwili wake ameuchakaza kwa lipi. Sijui kama yuko mwalimu wa chuo kikuu awezaye kutunga maswali mazito kuliko hayo.

Na mtazame, ndugu yangu, lile lisilokuwamo. Kaburini huulizwi nyanya yako alitoka wapi. Kiyama huulizwi. Swali hilo si la malaika, ni letu sisi wenyewe. Na ndilo tunalojiandaa nalo zaidi kuliko yote, kwa kuwa huulizwa siku ya posa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe, nami sitalificha. Huyu mpwa wangu ana mchumba. Wazee wa upande wa pili wanatarajiwa kuja Mfunguo Pili, na watu wao wameshaanza kuulizia huku na huku, kwa upole, kama ilivyo ada. Wanauliza ukoo. Wanaouliza husema kwamba ni kwa ajili ya kufu, na mafakihi wetu wa Kishafii kweli wameizungumza kufu vitabuni. Lakini mara nyingi nimeona neno hilo likitumiwa barazani kufanya kazi ambayo sina hakika kama mafakihi wangeitambua. Kwa hiyo swali la tisa halikuwa la mwalimu peke yake. Binti alitaka kujua ni nini wenziwe wanachokitafuta ambacho yeye mwenyewe hakijui.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikwenda kabatini nikatoa kitabu ninachokipenda, nacho ni *Wanawake Watatu wa Kiswahili*, kilichotolewa kwa Kiswahili mwaka 1991, miaka miwili baada ya kutoka kwa Kiingereza. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwaendea wanawake watatu wa Mombasa, waliozaliwa baina ya 1890 na 1920, wakawauliza maisha yao: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala, na Shamsa Muhamad Muhashamy. Wakauliza ndoa, ngoma, mikoba ya makungwi, misiba, waungwana na watumwa. Na wale bibi wakajibu.

Kabla yao walikuwako wanaume waliojibu. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika habari zake mwenyewe kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwanzoni mwa karne ya 20. Ni masimulizi ya safari, pembe na vita. Waliotekwa hupita humo kama hesabu zaidi kuliko kama watu. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili, naye alimwandalia Carl Velten *Desturi za Wasuaheli*, kilichotoka mwaka 1903. Humo mna habari za utumwa, zimeelezwa kwa ufasaha, lakini zimeelezwa kama mtu aelezavyo desturi za mji: mtumwa hufanya hivi, bwana hufanya vile. Sisemi kwa kuwadharau. Ila wale bibi wa Mombasa walifanya jambo jengine. Bi Kaje, mwana wa waungwana, alizungumza juu ya watumwa wa nyumba yao. Na Mishi wa Abdala, ambaye wazee wake walitokana na watumwa, alikaa akasema asili yake, na jina lake likaandikwa juu ya kitabu.

Nikajiambia: bibi yule hakuwa na gazeti wala shahada, na amejibu. Mimi ninayelipwa kwa kuuliza nimekimbilia kahawa.

Asubuhi nikampigia simu mpwa wangu nikamwambia avae viatu vya kutembelea. Tukenda Jumba la Mtwana.

Walio wakaazi wa huku wanapajua. Ni magofu ya mji wa Waislamu wa karne ya 14, kando ya bahari, chini ya mibuyu, ambao ulihamwa karne iliyofuata. Bwana James Kirkman aliyafukua mwaka 1972. Mna nyumba za mawe, visima, na msikiti ulio karibu kabisa na maji, na pembeni yake kaburi lenye aya ya sura ya Aal Imran inayomkumbusha kila mwenye roho kwamba ataonja mauti. Wenye mji walikuwa watu wenye mali. Jina la mji wao likapotea; lililobaki ni la mtwana. Huwa nacheka peke yangu kila nikipita penye kile kibao barabarani.

Tukakaa kivulini, maji yakiwa yametoka. Nikamwambia afungue daftari.

Nilimwambia kwamba mama yake nyanya yangu aliletwa pwani hii akiwa mtoto, kutoka nchi ya Nyasa, kwa njia ya Kilwa. Akauzwa katika upande wa Takaungu, zama zile mashamba ya huku mpaka Malindi yalipokuwa yakilimwa mtama na ufuta kwa mikono ya watu kama yeye. Waliothubutu walitoroka wakenda Fuladoyo, huko bara, walikokuwa na kijiji chao watoro. Yeye alibaki. Sheria ya kuufuta utumwa ilitoka Unguja mwaka 1897, na katika pwani hii ya Kenya mwaka 1907, na fidia walilipwa mabwana. Baada ya hapo alihamia Mtwapa na mumewe, wakalima muhogo, na ndipo alipozaliwa nyanya, yeye akiwa hana bwana. Kwa hiyo nilipokujibu kwamba ni wa hapa hapa, nikamwambia, sikusema uongo. Niliisema nusu ile tuliyofunzwa kuisema.

Nikamwambia na habari ya maji.

Nyanya alifariki mwaka 1984, mimi nikiwa kijana wa miaka kumi na mine. Katika siku zake za mwisho alikuwa akiita, "Mayi, mayi." Mimi ndiye niliyekuwa karibu na kitanda. Nikadhani anataka maji, nikakimbilia mtungini nikamletea kata. Akanywa kidogo, nadhani kwa kunistahi, kisha akaendelea kuita. Nikaleta tena. Siku ile nilikwenda mtungini sijui mara ngapi. Miaka ya tisini nikafanya kazi Nairobi na bwana mmoja kutoka Malawi. Siku moja alikuwa akizungumza kwa simu na kwao, nikamsikia akisema neno lile lile. Alipomaliza nikamwuliza maana yake. Akanijibu kwamba alikuwa akizungumza na mamake.

Mpwa wangu aliacha kuandika.

Nikaona nimalize, kwani liko moja lililobaki ambalo sikupata kumwambia mtu. Siku ya maziko ya nyanya, baada ya kufukiwa, maalimu alichutama upande wa kichwa ili asome talqini. Najua leo wako wasioikubali talqini, nami sina nia ya kuufungua mlango huo katika ukurasa huu. Sisi ndivyo tulivyozoea. Kama mjuavyo, katika talqini maiti huitwa kwa jina lake na jina la mamake. Maalimu akainua uso akauliza taratibu, "Binti nani?" Wazee wa ukoo walikuwa wamesimama pale, watu wazima wanne au watano, na wote walilijua jina. Hata mimi nililijua. Lilikuwa katika yale majina ambayo mabwana waliwapa wajakazi wao, majina ya maua na uturi na matunda, ambayo mtu akiyasikia tu hujua. Na makaburini walikuwapo watu wengine, wageni.

Mmoja katika wazee akasema, "Binti Hawa."

Asiyejulikana mamake huitwa kwa mama yetu Hawa, na hilo halina ubaya, sote ni wana wa Hawa. Maalimu akasoma. Mimi nikasimama na jembe mkononi, nimenyamaza. Mtu aliyekuwa akimwita mamake siku tatu mfululizo alisomewa kama asiyejulikana mama.

"Jina lake nani?" akaniuliza mpwa wangu.

Nikamtajia. Sitaliandika hapa, kwa kuwa si langu peke yangu, na wenye haki nalo ni wengi. Yeye aliliandika, akaniuliza herufi zake, akalipigia mstari chini. Kisha akaniuliza kama ana ruhusa ya kumwambia mchumba wake. Nikamwambia kwamba habari hiyo ni ya nyanya yake mkuu kama ilivyo ya kwangu, na kwamba kijana yule akiisikia kutoka kwake itakuwa tofauti na akiisikia barazani kwa watu. Zaidi ya hapo sikumwambia la kufanya. Mimi niliyekaa kimya miaka arubaini sina uso wa kumhimiza mtoto aharakishe.

Tulikuwa bado na maswali kumi na moja. Tukayajibu pale pale mpaka maji yakaanza kujaa, na nakiri kwamba mengine niliyajibu ovyo. Nilikuwa nimechoka.

Usiku baada ya isha simu ikalia. Ni dada yangu.

"Kakangu, umemwambia nini huyu mtoto?"

Nikamwambia kwamba nimemwambia yote. Nikangoja lawama, nami nilikuwa tayari kuzipokea, kwa kuwa ni yeye atakayewakaribisha wale wazee Mfunguo Pili, si mimi. Alinyamaza kitambo kirefu. Nilikuwa nikisikia sufuria zikisogezwa huko kwake.

"Na hilo la maji," akasema, "mbona mimi hukuniambia?"