Kavumu hadi Kalemie: umbali ni mmoja, mwendo si mmoja

Miaka michache iliyopita mama yangu mdogo, mkaaji wa Kavimvira, alipata habari ya msiba huko Kalemie. Akauliza kama ni mbali. Kaka yangu akamjibu: "Si mbali, mama mdogo. Ni mwendo wa saa moja tu." Alifika siku ya tatu, kwa boti kutoka bandari ya Kalundu, maziko yakiwa yamekwisha. Kaka hakusema uongo. Alikuwa akihesabu safari ya ndege kutoka Kavumu, na mama mdogo hakujua. Kilichowapoteza ni neno mwendo.

Tuanze na hesabu. Uwanja wa Kavumu, uliokuwa ukitumiwa na watu wa Bukavu, uko kama digrii 2.3 kusini mwa ikweta. Ule wa Kalemie uko kama digrii 5.9. Kwa kuwa viwanja hivyo viko karibu katika mstari mmoja wa kaskazini hadi kusini, inatosha kutoa: tofauti ni digrii 3.6, na kila digrii ni kama kilomita 111. Tunapata kilomita 400 hivi. Ndege ndogo ya propela inayokwenda kilomita 350 kwa saa huzimaliza kwa dakika kama 70. Tukiongeza dakika 10 au 15 za kupaa na kushuka, safari inakaribia saa moja na nusu.

Sasa turudi kwenye lugha. Umbali ni mbali iliyopewa kiambishi u-. Ni sifa ya mahali pawili, hata kama hakuna anayesafiri. Mwendo hutokana na kwenda, kwa hiyo ndani yake mna mtu anayekwenda na chombo anachokitumia. Ndiyo sababu neno hilo moja hubeba maana tatu: urefu wa njia (mwendo mrefu), kasi (mwendo wa pole) na muda (mwendo wa saa moja). Nalo saa lina utata wake. "Ndege itaruka saa mbili" hutaja wakati wa kuondoka. "Itaruka kwa saa mbili" hutaja muda wa kukaa angani. Tofauti yote imo katika kwa.

Jibu la kaka lilikosa mambo mawili: kwa chombo gani, na kuanzia wapi. Ili kupanda ndege hiyo iendayo kusini, mtu wa Kavimvira alipaswa kwanza kusafiri zaidi ya kilomita 100 kwenda kaskazini. Uwanja wa Bujumbura uko karibu zaidi, ng'ambo tu ya Gatumba, lakini huko ni nchi nyingine, yenye mpaka na hati zake.

Februari 2025 uwanja wa Kavumu uliingia mikononi mwa M23. Umbali wa kilomita 400 haukuongezeka hata mita moja; mwendo ndio uliobadilika.

Kwa hiyo tunapofasiri au kuandika habari za safari, umbali tuuandike kwa kilomita, na mwendo tuutaje pamoja na chombo na mahali pa kuanzia. Mama mdogo amekwisha jifunza. Siku hizi akiambiwa "mwendo wa saa moja", huuliza kwanza: "Wa nini, na kutoka wapi?"