Boriti, Kuba na Chuma: Kipimo cha Chumba katika Majengo ya Mawe ya Pwani ya Waswahili

1.0 Utangulizi

Chumba katika nyumba kongwe ya mawe, iwe Lamu, Mombasa au Mji Mkongwe wa Zanzibar, aghalabu huwa kirefu lakini chembamba. Upana wake kwa kawaida ni takriban mita 2.5 hadi 3, hata pale ambapo mwenye nyumba alikuwa tajiri na kiwanja kilikuwa kikubwa. Makala haya yanafafanua chanzo cha kipimo hicho na namna wajenzi walivyojaribu kukivuka mara mbili: Kilwa Kisiwani kwa kuba, na Unguja kwa chuma.

2.0 Boriti kama Kipimo

Kuta za nyumba hizo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Kuta ziliweza kunyanyuliwa hadi ghorofa kadhaa. Dari, hata hivyo, ilitegemea boriti za mikoko. Boriti hupangwa kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, kisha juu yake hutandazwa mawe na chokaa vilivyoshindiliwa hadi vikawa sakafu nzito. Kwa kuwa boriti ndefu kupita kiasi hupinda chini ya uzito huo, mti wenyewe ndio ulioamua upana wa chumba. Boriti hizo ziliuzwa pia Oman na nchi za Ghuba, ambako vyumba vingi vya zamani vina wembamba unaofanana na huo. Hivyo basi, upana wa chumba ni ushahidi wa biashara sawa na ulivyo ushahidi wa ujenzi.

3.0 Kuba za Kilwa

Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa mwanzoni mwa karne ya 14, na sehemu hiyo ikajengwa upya katika karne ya 15 baada ya kuanguka. Hapo paa liliezekwa kwa kuba na matao ya matumbawe na chokaa. Kuba haihitaji boriti, kwa sababu uzito wake huteremka pembeni hadi kwenye nguzo. Pamoja na hayo, nguzo hizo zilibaki karibukaribu. Fundi aliondokana na mti, lakini hakuondokana na wembamba.

4.0 Chuma cha Beit al-Ajaib

Mnamo 1883, katika utawala wa Sultani Barghash bin Said, lilijengwa Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu. Kuta zake zilikuwa za matumbawe kama za majirani zake, lakini sakafu zilishikiliwa na mihimili ya chuma, na veranda zake pana zilisimama juu ya nguzo ndefu za chuma. Hapo ndipo wembamba ulipovukwa: jumba likapata ukumbi mkubwa wa kati ambao boriti zisingeweza kuufunika. Jumba hilo lilinusurika mashambulizi ya manowari za Uingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, ambayo yaliharibu Beit al-Hukm na mnara wa taa uliokuwa jirani.

Chuma, hata hivyo, kina tabia yake. Chokaa hupitisha unyevu na kuuachia utoke. Chuma hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hupasua kinachokizunguka. Hewa ya bahari yenye chumvi huharakisha hali hiyo. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu kubwa ya jumba iliporomoka wakati ukarabati ukiendelea, na watu wawili wakafariki.

5.0 Hitimisho

Inadhihirika kwamba kila njia ilikuwa na gharama yake. Boriti ilibana chumba, lakini ilipooza iliweza kubadilishwa moja baada ya nyingine na fundi wa mtaani. Kuba ilidumu, lakini ilidai nguzo nyingi. Chuma kilileta uwazi, lakini kilidai uangalizi usiokatika. Ukarabati unaopaka saruji juu ya ukuta wa chokaa hufungia unyevu ndani ya ukuta, na unaobadilisha boriti bila kuzipima hufuta ushahidi. Kwa mtafiti, kupima dari kabla haijaguswa ni kazi ya lazima, kwani jengo likishaporomoka halihojiwi tena.