WhatsApp ya ordinateri ikigoma: tuanzie wapi?



Katika toleo hili tunazungumza juu ya chombo ambacho wengi wenu munakitumia kila siku kama vile munatumia panga na mizani: WhatsApp. Tena si ile ya telefone tu, bali ile inayofunguliwa kwenye ordinateri ya koperativi. Mara nyingi ordinateri hiyo inakaa nyumbani kwa jeran au kwa sekretere, kwa sababu depo haina moto au haina kufuli ya kuaminika. Ikigoma, hakuna fundi karibu. Na siku ikigoma, pesa za watu zinaweza kupotea.

Tulishuhudia jambo hilo katika koperativi moja ya kakao. Asubuhi saa moja, jeran akiwa nyumbani kwake Butembo aliandika bei mpya kwenye grupu ya wanunuzi wake walio upande wa Beni. Bei ilikuwa imeshuka kwa franka 500 kwa kilo. Akabonyeza, akafunga mlango, akaenda kwenye shuguli zake. Jioni akapata habari kwamba wanunuzi watatu walinunua kilo 600 kwa bei ya jana. Hasara: franka 300,000.

Basi maneno yakaanza. Jeran: "Nilituma tangu asubuhi, hata Mungu anajua." Mmoja wa wanunuzi, mama wa makamo, akajibu: "Papa, kwangu hakuna kitu kilifika. Angalia telefone yangu mwenyewe." Komite ikataka kukata hasara kwenye malipo ya wale watatu. Tukaomba kwanza tuione ordinateri. Mesaji ilikuwa pale, na kando yake kalikuwa kadude kadogo kenye sura ya saa ya ukutani. Kumbe haikuwa imetoka nyumbani. Hakuna aliyesema uongo. Hakuna pia aliyejua kusoma ile alama.

Kwa wakulima wa kakao jambo hili si dogo. Munakumbuka mwaka 2024, bei ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 10,000 kwa tani, na baadaye ikateremka tena kwa kishindo. Bei ikitembea hivyo, mesaji iliyochelewa siku moja inaweza kula faida ya mwezi mzima. Kwa hiyo tupitie pamoja mambo ya kuangalia, moja baada ya lingine.

Kwanza, tusome alama

Kila mesaji unayotuma inakuwa na alama chini yake, upande wa kuume.

Saa ndogo: mesaji bado iko kwenye mashini yako. Haijaenda popote.

Vema moja ya kijivu: imetoka kwako, lakini haijafika kwa mwenzako. Labda telefone yake imezimwa, au yuko mahali pasipo na rezo.

Vema mbili za kijivu: imefika kwake.

Vema mbili za bluu: ameifungua. Lakini kuna watu waliozima alama ya bluu kwenye telefone zao, kwa hiyo kukosa bluu si ushahidi kwamba mtu hakusoma.

Kwenye grupu iko tofauti kidogo, na hapa ndipo wengi wanakosea. Vema ya pili inatokea tu wakati wanamemba wote wa grupu wamepata mesaji. Kama muko 40 na mmoja amezima telefone, itabaki vema moja hata kama wale 38 wengine wamekwisha kuipata. Ili kujua nani amepata na nani bado, kamata mesaji hiyo kwenye telefone kwa kidole mpaka ichaguliwe, kisha tafuta neno "Infos". Utaona majina.

Ordinateri inategemea telefone

Akaunti ya WhatsApp iko kwenye telefone yenye namba yenu. Ordinateri ni kama tawi lililounganishwa kwenye mti huo. Zamani telefone ilipaswa kuwaka na kuwa na rezo wakati wote ambapo ordinateri inatumika. Tangu mwaka 2021 WhatsApp ilianza kubadilisha mambo: sasa ordinateri inaweza kutuma na kupokea hata telefone ikiwa imezimwa, na telefone moja inaweza kuunganishwa na vyombo vingine mpaka vinne. Lakini telefone ikikaa siku zaidi ya 14 bila kutumiwa, vyombo vyote vinakatwa.

Sisi wa huku tunajua namna telefone inaweza kukaa wiki mbili bila kufunguliwa. Imeharibika, au mwenyewe amekimbia na kuiacha. Kwa hiyo mukikuta ordinateri inaomba muunganishe upya, musidhani imeharibika. Muulize kwanza: telefone ya koperativi iko wapi, na mara ya mwisho ilifunguliwa lini?

Mambo matano ya kuangalia, kwa mpangilio

Fuateni mpangilio huu. Musiruke. Tumeona watu wakifuta programu na kuiweka upya mara tatu, kumbe mega zilikuwa zimeisha.

1. Rezo. Fungua ukurasa mwingine wowote kwenye intaneti. Kama nao haufunguki, shida si WhatsApp. Angalia kama mega zimebaki. Kama munatumia telefone kupatia ordinateri intaneti, jueni kwamba forfait ya WhatsApp peke yake mara nyingine haikubali kupita kwenye ordinateri. Inahitaji forfait ya intaneti ya kawaida. Tena ordinateri ni mlafi. Windows inaweza kupakua vitu vyake kimya-kimya na kumaliza mega zenu kabla ya saa sita. Ingia kwenye mipangilio ya rezo ya Windows, uwashe "Connexion limitée". Itapunguza ulafi huo.

2. Saa na tarehe. Hii inashangaza wengi. Ordinateri ya mezani ina batri ndogo ya duara ndani yake, kama kifungo cha koti. Mara nyingi ni ile iliyoandikwa CR2032. Ndiyo inayokumbuka tarehe wakati moto haupo. Batri hiyo ikikufa, kila moto ukikatika ordinateri inarudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita. Hapo navigateri, yaani Chrome, Firefox au Edge, itakataa kufungua WhatsApp na kuandika kwamba "connexion" si salama. Rekebisha tarehe, ujaribu tena. Kama kesho imerudi ya zamani, badilisheni batri. Angalieni pia majira: Butembo na Beni ziko saa moja mbele ya Kinshasa. Ordinateri iliyowekwa majira ya Kinshasa itaandika saa isiyo ya kweli kwenye mesaji zenu, na siku ya ugomvi itawachanganya. Kwenye orodha ya Windows chagueni majira ya UTC+02:00, yale ya Harare na Pretoria.

3. Navigateri. Funga ukurasa wa WhatsApp, uufungue tena. Ikikataa, fungua dirisha la siri, lile linaloitwa "navigation privée". Kama pale ukurasa unafunguka na kuonyesha kode, basi shida iko kwenye takataka zilizojaa ndani ya navigateri au kwenye vidude vilivyoongezwa humo. Zisafisheni, lakini mujue kwamba ukifuta kila kitu itabidi muunganishe telefone upya. Hakikisheni pia kwamba navigateri ni mpya. Chrome iliacha kutengeneza matoleo mapya ya Windows 7 mwaka 2023, kwa hiyo ordinateri za zamani sana zitaendelea kusumbua hata mukifanya nini.

4. Telefone yenyewe. Je, WhatsApp inafunguka vizuri kwenye telefone? Je, telefone haina nafasi tena kwa sababu imejaa picha na video? Futeni video za vichekesho. Picha za mizani na za bordero muzihamishe kwanza kwenye ordinateri au kwenye kle ya USB.

5. Kuunganisha upya. Fanyeni hivi mwisho kabisa. Kwenye telefone fungua WhatsApp, bonyeza nukta tatu za juu, ingia "Appareils connectés". Jina hilo linaweza kubadilika kidogo kufuatana na toleo la telefone. Gusa jina la ordinateri ya zamani, uikate. Kisha kwenye ordinateri fungua web.whatsapp.com, na kwenye telefone bonyeza "Connecter un appareil", uelekeze kamera kwenye ile kode ya mraba. Baada ya hapo ordinateri itavuta mesaji za zamani polepole. Musiwe na haraka. Acheni vyote viwili viwake, vikiwa kwenye moto, mpaka vimalize.

Wakati shida si yenu

Kuna siku mutaangalia yote matano na bado hakuna kitu. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini kote, na ilirudi baada ya siku zipatazo 20. Wakati ule Beni na Butembo zilikuwa katikati ya Ebola. Hakuna fundi angeweza kutengeneza hilo kwenye ordinateri ya mtu. Mukisikia jirani naye hana, na wa rezo nyingine naye hana, muache kufungua mashini. Chukueni telefone, mupige simu ya kawaida.

Musiache mlango wazi

Mara nyingine moto ukikosekana nyumbani, sekretere anaenda kwenye sekretaria ya mjini, anaunganisha WhatsApp ya koperativi kwenye ordinateri ya pale, anachapisha bordero, anaondoka. Lakini WhatsApp inabaki wazi. Yeyote anayekaa kwenye kiti kile baada yake anasoma kila kitu: majina ya wanamemba, namba zao, pesa zilizotumwa, na hata siku na saa ambapo gari la kakao litapanda barabara. Katika maeneo yetu hatuhitaji kueleza zaidi kwa nini habari ya gari si ya kila mtu.

Kwa hiyo tunawaomba mambo matatu. Kila Jumatatu fungueni orodha ya vyombo vilivyounganishwa, na mukikuta kimoja musichokijua, mukikate papo hapo. Pili, kode ya tarakimu sita inayokuja kwa SMS musimpe mtu yeyote, hata akisema yeye ni wa WhatsApp, ni wa benki, au ni mtoto wa dada yenu. Anayeomba kode hiyo anaomba akaunti yenu. Tatu, washeni "Vérification en deux étapes" kwenye mipangilio, muweke namba ya siri ya koperativi, ijulikane na watu wawili wa komite, iandikwe na kufungiwa pamoja na kashe.

Daftari bado lina kazi

Turudi kwa koperativi yetu. Komite ilipoiona ile saa ndogo kwenye ordinateri, ilifuta kato kwa wale wanunuzi watatu. Hasara ikabebwa na koperativi yote, na haikuwa rahisi. Lakini wakaandika kanuni fupi, wakaibandika ukutani karibu na mizani:

Bei mpya haihesabiwi kwamba imetolewa mpaka kila mnunuzi ajibu "Nimepata". Asiyejibu mpaka saa mbili ya asubuhi anapigiwa simu. Jeran anaandika kwenye daftari: tarehe, bei, jina la aliyejibu, na saa. Mnunuzi asiye na bei ya leo hanunui, anangoja au anapiga simu mwenyewe.

Kanuni hiyo haigharimu mega hata moja. Tena inafanya kazi hata siku ambayo ordinateri imezima, telefone imeanguka ndani ya maji, na moto wa mtaa mzima umekatika. WhatsApp ni ya haraka, tuitumie. Lakini bei ya kakao ya mama aliyetembea tangu alfajiri na kilo zake 15 kichwani isitegemee alama moja ambayo hakuna mtu aliyeiangalia.

Mukutane wiki hii, wasimamizi na wanunuzi, mufungue ordinateri pamoja na mujaribu hayo mambo matano wakati bado hakuna shida. Kata ukurasa huu, uubandike karibu na mashini. Na kama kuna jambo mulilolipata ambalo hatukulisema, mutuletee kwenye mkutano ujao. Tutaliandika kwa faida ya wengine.

Tunawatakia mavuno mema.