Nomino Isiyo na Njeo: Istilahi za Ulevi na Afya ya Akili katika Upekuzi wa Waombaji Kazi za Usalama, Kasese na Bwera

Kijana wa Kasese anayetaka kujiunga na polisi au na jeshi la UPDF hupita katika mikono mingi kabla ya kuvishwa sare. Huanzia kwa mwenyekiti wa LC1 wa kijiji chake, ambaye humwandikia barua ya kumtambulisha na kuushuhudia mwenendo wake. Barua hiyo huenda kwa maafisa usalama walio juu ya kijiji, GISO na DISO, na baadaye hufuata uchunguzi wa kitabibu. Utaratibu wa namna hii huitwa upekuzi nchini Tanzania, na Kenya husemwa kwamba mtu anapigwa msasa. Makala haya yanadai kwamba uzito wake umeelemea maneno machache, hasa mlevi na mwendawazimu, na kwamba maneno hayo humhukumu mwombaji kupita ushahidi uliopo.

Barua moja huvuka lugha kadhaa. Mwenyekiti humjadili kijana kwa Lhukonzo, barua yenyewe mara nyingi huandikwa kwa Kiingereza, nayo mazungumzo ya kambini huendeshwa kwa Kiswahili, lugha ya majeshi ya Uganda tangu enzi za ukoloni. Bwera, inayopakana na Kasindi ya Kongo, husikika pia Kiswahili cha ng'ambo ya mpaka. Katika safari hiyo maelezo marefu hupukutika, likabaki neno moja.

Neno mlevi limeundwa kwa kitenzi lewa na kiambishi tamati -i, kilekile kilichotoa mwizi katika iba na mgomvi katika gomba. Unominishaji huu hautaji tendo moja, bali tabia ya mtenda. Aliyegombana siku moja haitwi mgomvi. Kitenzi kina uwezo ambao nomino haina. Amelewa ni hali ya sasa, hulewa ni mazoea, alikuwa akilewa ni jambo lililokwisha. Mwendawazimu lina ugumu zaidi: mwenda humweka mtu safarini daima, na wazimu lina undugu na mzimu, kana kwamba tatizo limetoka nje ya tiba. Mgonjwa, kinyume chake, hupona. Mtu akisema fulani alikuwa mgonjwa, msikilizaji hushukuru. Akisema alikuwa mlevi, msikilizaji hungoja kuambiwa kama ameacha kweli.

Sheria ya Uganda imekwisha kupiga hatua ambayo msamiati wa upekuzi haujaifikia. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba, katika shauri lililofunguliwa na shirika la CEHURD, ilikataa maneno ya Kiingereza yaliyowadhalilisha wagonjwa wa akili katika Sheria ya Adhabu. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018 inauchukulia ugonjwa wa akili kuwa hali inayothibitishwa na mtaalamu, na inauweka uraibu wa pombe katika orodha moja na sonona na skizofrenia. Uraibu, neno lililohusishwa zamani na tambuu na tumbaku, linafaa hapa kwa sababu halina lawama nyingi. Kwa sheria hiyo, mwenyekiti wa kijiji anaweza kushuhudia alichokiona. Kutaja ugonjwa si kazi yake.

Jambo hili si la kamusi tu. Kasese ni wilaya ambayo pombe kali ya ndizi imepewa jina la mji wenyewe. Ndiyo pia iliyoona mauaji ya Novemba 2016 katika kasri la Rwenzururu, na shambulio la Juni 2023 katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, lililoua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Waliokuwa wanafunzi wakati huo sasa wamefikia umri wa kuandikishwa. Aliyekosa usingizi akaona daktari, au aliyeanza kunywa ili alale, ana sababu ya kuficha iwapo anajua kwamba tiba yake itaandikwa kwa nomino. Anayeficha hukabidhiwa bunduki bila kutibiwa, na hapo upekuzi huwa umeshindwa kwa kazi yake yenyewe.

Marekani, ambayo kandarasi zake ziliwapeleka maelfu ya Waganda kulinda kambi za Iraki, ina mwongozo wa upekuzi ulioanza kutumika Juni 2017. Unasema kwamba kutafuta ushauri wa afya ya akili, peke yake, si sababu ya kumtilia mtu shaka. Kuhusu pombe, huuliza matukio, muda uliopita, na kama tiba ilikamilishwa: maswali ya vitenzi.

Kiswahili hakihitaji kukopa chochote ili kuuliza hivyo. "Alitibiwa kwa miezi mitatu, tangu arudi kijijini hajaonekana amelewa" ni maneno ambayo mwenyekiti yeyote wa Bwera anaweza kuyashuhudia, na afisa akayahakiki: alitibiwa wapi, lini alirudi, nani alimwona. "Ni mlevi" haimwachii afisa swali hata moja la kuuliza.