Limfoma ikiishinda dawa, si mwili uliozoea

Maswali ya wasomaji kuhusu limfoma kali, hasa ile iitwayo DLBCL inayovimbisha tezi za shingoni, kwapani au tumboni kwa kasi, yanafanana mno. Mgonjwa ameanza vidonge, uvimbe ukanywea, ndugu wakamshukuru Mungu. Baada ya miezi kadhaa uvimbe umerudi, na dawa ile ile haifui dafu tena. Mmoja anauliza kama mwili umeizoea dawa, mwingine kaambiwa alipewa feki, na wa tatu kashauriwa na jirani aachane na hospitali anywe majani ya mstafeli.

Mwili haujazoea chochote. Zilizobadilika ni seli za saratani, na namna zinavyobadilika inastaajabisha.

Chukua ibrutinib, kidonge kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2013 kwa aina nyingine ya limfoma. Hulenga BTK, kimeng'enya kinachopitisha amri ya kuishi na kuzaliana ndani ya seli B, chembe nyeupe za damu ambamo limfoma hii huanzia. Katika kundi moja la DLBCL, liitwalo ABC, seli nyingi hutegemea amri hiyo usiku na mchana. Dawa huingia ndani ya BTK na kujifunga moja kwa moja kwenye asidi-amino ya 481, sisteini, na inaposhika hasa ni kwenye atomu moja ya salfa. Sasa herufi moja tu ya jeni ikibadilika, sisteini inageuka kuwa serini. Tofauti ya hizo mbili? Palipokuwa na salfa pamekaa oksijeni, basi. Dawa inaingia, inakosa pa kujifunga, inatoka, na kimeng'enya kinaendelea na kazi. Atomu moja kati ya maelfu! Nimeyasoma haya mara nyingi na bado sijaacha kushangaa.

Mbinu hiyo imeonekana zaidi kwenye CLL, saratani ya damu iendayo polepole. DLBCL ina hila nyingine. Mwaka 2021, kikundi cha Louis Staudt cha Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kilieleza seli zilizoishinda ibrutinib maabara bila kubadili hata herufi moja ya jeni ya BTK. Zilichobadili ni jeni zipi ziwashwe na zipi zizimwe. Zikazalisha kwa wingi protini iitwayo RAC2, nayo ikashika kazi ya kuiamsha PLCG2, ambayo kwa kawaida huamshwa na BTK. Polisi wamefunga barabara kuu, bodaboda kapita njia ya panya na kutokea mbele yao. Ukiongeza dozi ya ibrutinib hapo, umeongeza askari kwenye kizuizi kisichopitwa na mtu.

Kumbuka pia kwamba uvimbe mmoja una mabilioni ya seli, nazo hazilingani. Dawa moja huua zile zinazoisikia na kuziachia nafasi zisizoisikia. Ndiyo sababu mgonjwa wa kifua kikuu huanzishiwa dawa nne kwa mpigo, wala hakuna anayeshangaa.

Madaktari wa taasisi hiyo hiyo waliifuata hoja hii hadi wodini. Juni 2024 walichapisha katika jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya mchanganyiko wa dawa tano: venetoclax, ibrutinib, prednisoni, obinutuzumab na lenalidomide, kwa wagonjwa 50 wa DLBCL iliyorudi au iliyokataa matibabu. Dawa zilitolewa kwa mizunguko ya siku 21, isiyozidi sita, kisha zikakoma. Kati ya waliopimwa matokeo, uvimbe ulipungua vya kutosha kwa asilimia 54, na kwa asilimia 38 haukuonekana tena kabisa. Baada ya miaka miwili waliokadiriwa kuwa hai ni asilimia 36. Muujiza haupo hapo, na utafiti ni mdogo, lakini wengi wa watu hawa walikuwa wameshapitia tiba nyingi.

Turudi kwa mstafeli. Hakuna jaribio kwa binadamu lililoonyesha kwamba majani yake yanaponya limfoma. Anayekuuzia chupa ya kijani muulize inashika protini gani, uone atakavyobadili mazungumzo. Nisichoweza kumsamehe ni kumwambia mgonjwa achanganye "za asili na za hospitali, hazina madhara". Balungi tu, tunda la kawaida, huzuia kimeng'enya kinachovunja ibrutinib na venetoclax mwilini. Dawa inajaa kwenye damu, na kwa ibrutinib hatari mojawapo ni kuvuja damu. Ikiwa tunda linafanya hivyo, mizizi usiyoijua itafanya nini?

Na uvumi kwamba kukata kinyama cha tezi kwa vipimo kunasambaza limfoma, tuuzike leo. Ugonjwa ukirudi, kipimo hicho ndicho cha kudai, kwa sababu seli zilizorudi huenda zimepoteza CD20, alama ambayo dawa nyingine ya limfoma, rituximab, huishika. Usiache vidonge wala kupunguza dozi bila daktari. Siku ya kliniki beba kila unachokunywa, hata kile cha mganga, ukiweke mezani mbele ya daktari.