Rebero: Kipepeo halisi, kipepeo wa kuiga na shehena isiyosubiri

Wengi wanaopanda mlima wa Rebero, wilayani Kicukiro, hufuata hewa safi na mandhari ya jiji la Kigali lililotandazwa chini. Mpenzi wa vipepeo, au ibinyugunyugu kama wanavyoitwa kwa Kinyarwanda, huangalia vichaka vya kando ya njia. Hahitaji vifaa vya gharama. Daftari, simu yenye kamera na subira vinatosha, na asiwahi mno: kipepeo hawezi kuruka vizuri kabla jua halijampasha mwili, kwa hiyo saa tatu au nne asubuhi ndiyo kazi inaanza.

Mtihani wa kwanza ni kumtambua kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa zilizotiwa madoa meupe. Wataalamu humwita Danaus chrysippus. Kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu hiyo hubaki mwilini hata akishakuwa kipepeo. Ndege akimwonja, humtema na hamrudii tena. Sasa yupo jike wa aina nyingine kabisa, Hypolimnas misippus, asiye na sumu yoyote, lakini amevaa rangi zile zile na ndege humwogopa bure. Aliyewahi kuuziwa betri bandia katika boksi la kampuni maarufu anaujua mchezo huu.

Dawa ni kutazama bawa la nyuma. Halisi ana madoa meusi matatu au manne katikati ya bawa. Wa kuiga ana doa moja tu, karibu na ukingo wa mbele. Dume wa huyo wa kuiga hana habari na udanganyifu huo: ni mweusi mwenye madoa makubwa meupe.

Anayetaka kufuga aanze na mlimau. Kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, Papilio demodocus, hutaga kwenye majani ya milimau na michungwa. Kiwavi wake mchanga anafanana na kinyesi cha ndege. Akikua huwa wa kijani, na akiguswa huchomoza pembe mbili laini zenye harufu kali. Mkulima humponda. Mfugaji humweka kwenye ndoo iliyofunikwa chandarua, pamoja na tawi lililosimamishwa ndani ya chupa ya maji. Mdomo wa chupa uzibwe kwa pamba, la sivyo viwavi watashuka na kufa maji. Majani yabadilishwe kila siku, na yasiwe yamepigwa dawa. Baada ya wiki kadhaa kiwavi hujifunga kwa uzi kijitini na kuwa pupa. Atakapotoka, mabawa yakiwa yamekunjamana, anahitaji nafasi ya kuning'inia mpaka yanyooke. Akiikosa, hataruka kamwe.

Ujuzi huo huo umezaa biashara ya kuvuka mipaka. Mwaka 1993, huko Gede katika pwani ya Kenya, mtafiti Ian Gordon alianzisha mradi wa Kipepeo. Wakazi wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, ambao wengi wao walitamani ukatwe wapate mashamba, walifundishwa kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa mabanda ya maonyesho ya Ulaya. Gordon baadaye alifanya kazi za bioanuwai katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Wanavijiji wa Amani, katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, nao waliingia katika ufugaji huo miaka ya 2000.

Pupa ni shehena isiyo na subira, kuliko hata nyanya. Hufungwa kwa pamba ndani ya boksi, husafirishwa kwa ndege, na lazima afike kabla ya kuanguliwa. Akitokea njiani ni hasara. Ndiyo maana Tanzania ilipozuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, Machi 2016, wafugaji wa Amani waliumia. Zuio lilikuwa na sababu, kwani utoroshaji wa wanyama ulikuwapo. Lakini halikutenganisha mnyama aliyenaswa porini na kipepeo aliyezaliwa bandani kwa mikono ya mama wa kijijini, na pupa hawezi kuwekwa ghalani kusubiri waziri abadili mawazo.

Anayefuga kwa kujifurahisha Rebero hana soko la kupoteza, ila mpaka una sheria zake kwake pia. Mche wa mlimau kutoka Uganda unahitaji cheti cha afya ya mimea, na yai la kipepeo, dogo kuliko punje ya mtama, hujibandika kwenye jani bila mwenye mche kujua. Mfuko wa plastiki nao umepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Majani na viwavi vibebwe katika mfuko wa khaki, ambamo hupumua vizuri zaidi.